Nguvu za Mikono Hazitoshi kwa Aliyeumia Uti wa Mgongo

Mkwezi wa minazi au dereva wa bodaboda anapoanguka hapa Tanga na kuumia uti wa mgongo, aghalabu jamaa humtafutia kijana mwenye misuli na mafuta ya nazi ya kumchulia, kwa imani ya siku nyingi kwamba anayeweza kumwinua mgonjwa anaweza pia kumfanyisha mazoezi. Imani hiyo si sahihi.

Neva zilizo ndani ya uti wa mgongo haziongozi miguu pekee, bali pia kibofu, joto la mwili na shinikizo la damu. Aliyeumia kwenye pingili ya 6 ya uti wa mgongo, sehemu ya kifua, au juu yake akishikwa ghafla na maumivu makali ya kichwa na kutokwa jasho usoni, huenda shinikizo lake limepanda kwa hatari, na chanzo kikawa kidogo tu, kama mpira wa mkojo uliojikunja. Mkufunzi aliyesomea kazi ya kuwafanyisha mazoezi wagonjwa hawa humketisha wima, hulegeza nguo zinazobana, hukagua mpira huo na kuita msaada wa tiba upesi. Asiyesomea, kwa nia njema kabisa, humlaza apumzike, na kulala huko huweza kuzidisha shinikizo.

Ngozi isiyo na hisia nayo haitoi onyo. Mafuta ya moto huiunguza bila mwenyewe kujua, na kukaa mno kwenye kiti cha magurudumu huleta vidonda, ndiyo maana mgonjwa hufundishwa kuinua makalio kila baada ya dakika 15 hadi 30. Jamaa nao, chini ya mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, wanaweza kujifunza hayo, na kwa maoni yangu wanapaswa.