Dola mia ya mlangoni: unaporudi nyumbani na pasipoti ya Marekani

Ikifika Juni simu yangu hailali. Wanapiga Watanzania wa Houston, wa Minnesota, wa Washington. Huyu anakuja harusini, yule anawaleta watoto wamwone bibi yao. Kazi yangu ni kuwakatia tiketi na kuwapangia safari, na swali moja nalipata kila wiki, mara nyingi kwa sauti ya uchungu: kwa nini nilipe dola mia moja ya viza kuingia nchi niliyozaliwa?

Uchungu huo naujua na siupuuzi. Ila ada ya viza haimtazami mtu, inatazama pasipoti aliyoshika. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, kwa hiyo siku ulipokula kiapo cha uraia wa Marekani, uraia wa huku ulikoma. Kwenye dirisha la viza uwanja wa ndege unapokelewa kama Mmarekani yeyote. Mjerumani au Mwingereza analipa dola 50 kwa viza ya kawaida ya kuingia mara moja, isiyozidi siku 90. Mmarekani analipa 100, na watoto wenye pasipoti ya Marekani nao wanahesabiwa. Baba, mama na watoto wawili ni dola 400 kabla hamjachukua mizigo.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hiyo mia moja inanunua mwaka mzima. Ni viza ya kuingia mara nyingi kwa miezi 12, mradi kila ukija usizidishe miezi mitatu. Kuna dada mmoja alikuja Januari kumzika baba yake, akarudi tena kwa arubaini. Alinipigia akiwa kwenye foleni ya malipo, noti mkononi. Nikamwambia, dada, hebu funua pasipoti unitumie picha. Viza ya Januari ilikuwa hai, imebakiza zaidi ya miezi kumi. Nikamwambia atoke kwenye foleni hiyo, aende moja kwa moja kwa afisa.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Unajaza fomu, unalipa kwenye dirisha la benki humo humo ukumbini, kwa kadi au dola taslimu, unapewa risiti, kisha unaenda nayo kwa afisa wa Uhamiaji anayekuchukua alama za vidole na picha. Kinachochosha ni foleni ndege mbili kubwa zikitua pamoja usiku. Ndiyo maana wenye watoto wadogo na wazee nawasisitizia waombe viza kwa mtandao mapema, wiki tatu au nne kabla ya safari. Ada ni ile ile. Hakikisha tu anwani ya tovuti inaishia na go.tz, maana zipo tovuti za madalali zinazofanana na ile ya serikali na zinatoza zaidi.

Wanaopitia Nairobi na kutaka kutoka uwanjani wamwone shangazi, hilo ni jambo jingine. Tangu Januari 2024 Kenya haitoi tena viza mlangoni. Kibali chao kinaombwa mtandaoni kabla hujapanda ndege. Na ile viza ya pamoja ya Afrika Mashariki ya dola 100 inahusu Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haimo, msije mkadhani mmeshalipa.

Mkipanga kwenda Unguja, ongezeni bima kwenye hesabu. Tangu Oktoba 1, 2024 mgeni anayeingia Zanzibar anatakiwa kuwa na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, hata kama ana bima ya kwao.

Sasa noti. Miaka kadhaa iliyopita nilimpokea bibi mmoja aliyekuwa hajarudi kwa muda mrefu. Nilisubiri nje saa nzima abiria wenzake wakipita. Kumbe noti aliyoitunza kwenye leso, ya zamani, ile yenye kichwa kidogo, ilikataliwa, na kadi hakuwa nayo. Kijana mmoja wa foleni ile ile akamlipia. Bibi alipotoka alinishika mkono akasema, "Mwanangu, nimeingia kwetu kwa pesa ya kuazima." Hakusema tena lolote mpaka tunafika Ubungo.

Tangu siku hiyo kila mteja wangu ananitumia picha ya noti zake kwa WhatsApp kabla ya safari. Naangalia kama imechanika pembeni, kama ina mhuri au maandishi ya kalamu, kisha nasoma mwaka. Ya kabla ya 2006 namwambia akaibadilishe benki huko huko aliko. Jana usiku mama mmoja wa Dallas alinitumia yake, imenyooka kama imepigwa pasi. 2017A. Nikamjibu: hiyo inapita, mama, ifunge vizuri.