Vichekesho Vinavyoshuka Njiani Kabla ya Kufika Kigoma

Mzee mmoja wa Kibirizi, mfanyabiashara wa dagaa, aliingia kwenye banda langu la kuonyeshea muvi pale Mwanga, Kigoma, akisubiri mizigo yake ipakiwe. Akalipa shilingi 300, akakaa benchi la mbele. Usiku huo nilikuwa najaribu kitu kipya, sizoni ya Friends, vichekesho vya televisheni vya Marekani kuhusu vijana sita marafiki, na nilikuwa nimejiandaa siku tatu nzima. Maiki safi, spika hazikoromi, watu wamejaa. Ndani ya televisheni wakaangua kicheko. Kwenye mabenchi, kimya. Wakacheka tena humo ndani. Kimya. Mara ya tano yule mzee akageuka, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, hao wanaocheka humo, na wao wamelipa kiingilio?"

Banda zima likalipuka. Kicheko cha usiku ule kilikuwa hicho kimoja tu, na hakikutoka Marekani.

Mimi ni mtafsiri wa muvi. Si wa vyeti wala wa mahakamani. Ni yule unayemsikia juu ya sauti ya stelingi, akikueleza kwa Kiswahili kwamba bosi wa majambazi ndiye baba yake mzazi. Kazi hii sikuianzisha mimi: Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, Wakenya wana DJ Afro, Waganda watu wa aina yetu wanawaita VJ. Mimi ni wa huku mwisho wa reli, banda umiza la mabati, mkono wa kushoto kwenye mikisa na wa kulia kwenye maiki. Risasi zikilia napandisha sauti ya muvi, wakianza kuongea naishusha naongea mimi. Muvi ya mapigano hata mtoto wa darasa la nne anaweza kuitafsiri. Kinachotoa jasho ni kichekesho.

Nina nadharia yangu. Vichekesho vya ng'ambo vinakuja Kigoma kwa treni, Reli ya Kati, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na vinapanda vyote vikiwa vizima. Utani wa kuchezea maneno ya Kiingereza unashushwa Morogoro kwa kukosa nauli. Utani wa siasa za Marekani unashuka Dodoma, unakuta kule wachekeshaji wa siasa wapo wa kutosha. Utani wa kutaja watu mashuhuri wa New York unafika Tabora, njia inapogawanyika, unadandia behewa la Mwanza kwa bahati mbaya na hauonekani tena. Wanaoteremka stesheni ya Kigoma ni mtu aliyeteleza, mtu mwenye njaa, mtu anayemwogopa mama mkwe, na mtu aliyejifanya anajua. Hao hawahitaji mkalimani.

Turudi kwa Friends, maana yule mzee aliuliza swali la kitaalamu bila kujua. Miaka ya 1950 fundi sauti mmoja wa kituo cha CBS, Charley Douglass, alitengeneza sanduku lenye vitufe. Bonyeza hiki, anacheka mama mmoja. Bonyeza kile, unacheka umati. Vichekesho vingi vya televisheni ya Marekani vilichekewa na sanduku hilo miaka nenda miaka rudi. Friends yenyewe, iliyorushwa kuanzia 1994 hadi 2004, vipindi 236, ilirekodiwa mbele ya watu wa kweli waliokaa ukumbini huko California, na watu hao hawakutozwa hela. Kwa hiyo mzee wangu, kama unasoma hapa: walikuwepo, ila waliingia bure.

Shida yangu na sizoni ile si vicheko. Ni mwendo. Wale vijana sita wanaongea kama wanakimbizwa, na Kiswahili ni lugha ya mtu aliyekaa. Mpaka nimalize kusema "yule dada aliyekimbia harusi yake ndiye anayependwa na kaka wa rafiki yake", wenzangu wameshatupa utani mwingine mitatu. Halafu Kiingereza kinatenganisha mwanamume na mwanamke kila kinapofungua mdomo, wakati Kiswahili kinasema "amekuja" na kunyamaza. Utani wa mtu kudhani anayesemwa ni mwanamke, kumbe ni mwanamume, unanifia mkononi, maana kwetu hakuna aliyedhani chochote.

Lakini tuna silaha ambazo Kiingereza hakina. Chandler alipomwoa Monica, dada wa rafiki yake Ross, Kiingereza kiliendelea kuwaita marafiki. Mimi nikasema kwenye maiki: "Kuanzia leo Ross ni shemeji!" Banda likaamka. Shemeji ni neno lenye mzigo: kuna heshima humo, kuna utani, kuna madai. Mara mama mmoja wa nyuma akauliza mahari ilikuwa kiasi gani. Nikamjibu haikutajwa. Akasema basi hiyo ndoa haipo, waendelee kunywa kahawa. Na hilo la kahawa nalo ni kesi, maana muda wote wamekaa mgahawani: "Hawa kazini wanakwenda saa ngapi?" Sina jibu. Nimewaangalia vijana wale kwa miaka, sijawahi kujua.

Mr. Bean ni adui wa riziki yangu. Vipindi vyake ni 15 tu, cha kwanza kilirushwa Uingereza tarehe 1 Januari 1990, na bado watoto wa Ujiji waliozaliwa juzi wanamjua kuliko diwani wao. Rowan Atkinson alisomea uhandisi wa umeme mpaka Oxford, halafu akaja kuishi kwa kukunja uso. Kwenye kipindi hicho cha kwanza yumo kanisani, hajui wimbo, hana kitabu, anagugumia tu mpaka ifike "Aleluya", hapo anaimba kwa sauti ya kuangusha paa. Nani asiyemjua mtu huyo? Rafiki zangu Waislamu wananiambia kwao yupo, yeye ni bingwa wa "Amina". Siku moja nikajaribu kumtilia maneno Bwana Bean, nimchangamshe. Dakika mbili hazijaisha, mtoto wa miaka kama saba akasimama juu ya benchi: "DJ, tuachie tumsikilize!" Tumsikilize! Mtu hasemi kitu! Nikazima maiki, nikakaa kama abiria.

Home Alone ya mwaka 1990 nilidhani itanipa shida, ikawa kinyume. Wasiwasi wangu ulikuwa majirani. Ukoo mzima unasafiri Chicago kwenda Paris, mtoto wa miaka minane anasahaulika nyumbani, na hakuna mlango hata mmoja unaofunguka? Mwanga mtoto akiachwa asubuhi, mpaka adhuhuri ameshakula nyumba tano na kutumwa chumvi mara mbili. Muvi yenyewe imelijua tatizo hilo, ndiyo maana majirani wengi wamesafirishwa kwa sikukuu. Ila kilichonishangaza ni sehemu ambayo Wamarekani huenda waliiona ni ujanja wa mwandishi tu. Usiku upepo unaangusha waya, umeme unakatika, saa za kuamshia zinapotea, familia inachelewa kuamka na kuanza kukimbizana. Banda langu halikuhitaji tafsiri. Lilipiga makofi. "Kumbe na kwao unakatika!" Kuanzia hapo Kevin akawa mtoto wa Mwanga, na makopo ya rangi yalipoanza kuwapiga wale wezi wawili usoni, benchi moja lilivunjika. Nimelitengeneza, asanteni kwa kuuliza.

Coming to America, ya 1988, ninaitafsiri kwa uongo na ninakiri hapa hadharani. Eddie Murphy ni mwana wa mfalme wa Zamunda, nchi isiyokuwepo, anakwenda Queens kutafuta mke atakayempenda bila kujua ana hela. Kwenye saluni ya kinyozi kuna wazee wanabishana kuhusu mabondia wa zamani wa Kimarekani. Ukiyataja majina yale hapa kwetu unapata macho tu. Kwa hiyo kwangu wale wazee wanabishana Simba na Yanga, na kila msimu nabadilisha mabao kulingana na msimamo wa ligi. Kuna anayeniita mpotoshaji. Mimi namjibu aende kwa kinyozi yeyote wa Mwanga Jumatatu asubuhi, asikilize, kisha aniambie nimepotosha wapi. Bondia au beki, mzee wa saluni ni yuleyule: hajawahi kucheza, na anajua kila kitu. Watu hawaamini nikiwaambia kwamba yule mzee mweupe wa saluni ni Eddie Murphy huyohuyo chini ya vipodozi. Wananidai nirudishe nyuma. Narudisha. Bado hawaamini.

The Gods Must Be Crazy sikuiweka mara nyingi. Rubani anatupa chupa ya Coca-Cola, inaangukia Kalahari, wenyeji wanaigombania mpaka mmoja wao anatumwa kwenda kuitupa mwisho wa dunia. Pale banda lilipopiga kelele ilikuwa kwa uchungu: chupa tupu ina hela yake! Muuza duka hakupi soda ya kuondoka nayo bila kuacha kreti au hela ya chupa, na huyu anatembea siku kadhaa kwenda kuitupa? Angeirudisha dukani. Tulicheka, ila mimi inanikaa vibaya. Imetengenezwa Afrika Kusini ya ubaguzi mwaka 1980, na inataka nimcheke N!xau, mwigizaji wa huyo aliyetumwa, kwa sababu hajui chupa. N!xau ana uso wa mchekeshaji wa kweli, angestahili muvi ambayo yeye ndiye anayejua na sisi ndio hatujui.

Sasa nifike ninapopapenda. Kuna muvi ya mwaka 1951, The African Queen. Humphrey Bogart ni nahodha mlevi wa kijimashua kichakavu, Katharine Hepburn ni dada wa mmisionari, ni Vita ya Kwanza ya Dunia na wanateremka mto kwenda kuzamisha meli ya Wajerumani iitwayo Louisa. Mama yule anachukua jini yote ya nahodha, chupa kwa chupa, anaimwaga mtoni. Kila nikiiweka, hapo pana wanaume wanatoa sauti ya msibani. Bogart alipata Oskari kwa muvi hii, moja tu katika maisha yake, na mimi naamini aliipata kwa ule uso wa kutazama chupa zikielea.

Mwishoni Louisa inalipuka, inazama. Na hapo ndipo Kigoma inapokataa. Maana Louisa ilichorwa kwa kuangalia meli tunayoijua. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, ikapanda treni mpaka hapa, ikaungwa upya na kushushwa ziwani 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Leo inaitwa Liemba. Bibi mmoja alisimama na kanga yake mabegani akasema, "Uongo mtupu. Mimi hiyo nimeipanda mpaka Kasanga." Nitabishana vipi na mtu aliyekata tiketi?

Ukweli unachekesha kuliko muvi. Meli ile haikuzamishwa na nahodha mlevi. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, baada ya kuzipaka injini grisi kwa upendo, kama mtu anayehifadhi nyama ya sikukuu. Waingereza wakaja kuiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini. Upande wa Waingereza alikuwepo kamanda Geoffrey Spicer-Simson, aliyekuwa akivaa sketi hapa ziwani, na aliyeburuta mashua mbili za injini kutoka Cape Town kupitia Kongo, kwa reli, kwa porini na kwa mto. Alitaka kuziita Paka na Mbwa. Wakubwa wake wakakataa. Akazipa majina ya milio ya paka na mbwa kwa Kifaransa, Mimi na Toutou, wakubwa wakapitisha.

Historia hii huwa naitoa kwenye sehemu za mapenzi, kwa sababu mtafsiri mwenye adabu watoto wakiwepo huzungumza mambo mengine. Nikasema kwenye maiki: "Siku moja baada ya Krismasi ya 1915, Mimi ikaifukuza meli ya Wajerumani iitwayo Kingani..."

"DJ, Kiswahili gani hicho?" kijana akadakia. "Sema mimi nikaifukuza."

"Si mimi. Ni Mimi."

"Mimi nani?"

"Mashua!"

"Kwa hiyo wewe ndiyo mashua?"

Bogart na Hepburn walibusiana, wakapigana na mbu, wakapotea kwenye matete, na hakuna aliyewaangalia. Watu walikuwa wanagombana na viambishi. Kingani ilitekwa kweli, Waingereza wakaibatiza Fifi, na nilipolitaja jina hilo nikapoteza kabisa utawala wa banda. Treni yangu ya nadharia iligonga mwamba usiku ule: utani wa maneno, uliotungwa na Mwingereza kwa Kifaransa, ulikuwa umekaa ziwani hapahapa zaidi ya miaka mia ukisubiri mtu aseme "mimi".

Wa kwetu sina haja ya kuwaeleza. King Majuto, mtu wa Tanga, aliyefariki tarehe 8 Agosti 2018, ukimweka leo banda linajaa, na kazi yangu ni kukusanya hela mlangoni. Aki na Ukwa, wale waigizaji wawili wafupi wa Nigeria, nao natafsiri kidogo tu, kwa sababu muda wote watu wanabishana kama wale ni watoto au watu wazima. Ni watu wazima. Nimeshasema mara mia. Kuna mama anasema atakubali akiwaona na vyeti vya kuzaliwa.

Jumamosi hii ni zamu ya Mr. Bean, saa 2 usiku. Maiki nitaiacha nyumbani. Kiingilio ni kilekile.