Alama ya kweli kwenye gofu ya ridhaa, na jinsi uwanja mbovu unavyoihusu

Alama ya kweli ni idadi ya mikwaju uliyopiga ukijumlisha na ya adhabu, tangu tii ya kwanza (mahali pa kuanzia kupiga) hadi mpira utumbukie kwenye shimo la 18. Fimbo iliyopita hewani ukiwa na nia ya kuupiga mpira ni mkwaju. Mpira uliosimama sentimita 30 kutoka shimoni bado haujaingia.

Maana yenyewe ni nyepesi, kuifuata ndiko kugumu. Mchezaji anaweza kutangaza 88 wakati amepiga 93, na asijione mwongo hata kidogo. Hebu tuitafute hiyo mitano ilikopotelea. Mpira wa kwanza ulizama vichakani, wenzake wakamwambia rudia, naye akahesabu kuanzia mpira wa pili: hapo imefichwa miwili, yaani mkwaju wenyewe na adhabu yake. Huu ndio unaoitwa maligani, na haumo kwenye kanuni yoyote. Shimo la 9 akapoteza mpira mwingine, akadondosha mpya pale alipodhani ule uliangukia na kujiongezea mmoja, badala ya kurudi alikopigia na adhabu juu yake: umefichwa mmoja. Shimo la 13 mpira ulikaa kwenye kipara cha udongo mkavu, akausogeza kwa ncha ya kiatu "kwa sababu uwanja ni mbovu". Kuuchezea mpira mahali pasipo pake ni adhabu ya mikwaju 2. Jumla 5.

Hicho kisa cha tatu ndicho kinachowachanganya watu wengi, maana malalamiko yake yana ukweli. Kipara kipo kweli na mpigo kutoka hapo ni mgumu kweli. Ila ubovu wa uwanja una njia zake za kushughulikiwa, na ncha ya kiatu si mojawapo.

Kwa nini namba isiyo ya kweli inaharibu zaidi ya kadi moja

Tangu 2020 nchi nyingi zinatumia mfumo mmoja duniani wa handikapu, yaani namba inayoonyesha uwezo wa mchezaji na mikwaju ya ziada anayopewa, unaosimamiwa na R&A na USGA, vyombo viwili vinavyotunga kanuni za gofu. Kila kadi inageuzwa kuwa tofauti ya alama kwa hesabu hii: 113 gawanya kwa slopu (kipimo cha ugumu) ya uwanja, zidisha kwa (alama iliyorekebishwa kwa kikomo kinachoelezwa hapo chini, toa kipimo cha uwanja, toa marekebisho ya hali ya siku). Kipimo cha uwanja ni mikwaju anayotarajiwa kupiga mchezaji wa handikapu sufuri siku ya kawaida. Slopu, inayoanzia 55 hadi 155, inaonyesha uwanja huo unamkaba mchezaji wa kawaida kiasi gani zaidi ya yule hodari, na 113 ndiyo slopu ya wastani.

Chukua uwanja wenye kipimo 70.6 na slopu 120. Kadi ya 93 inatoa tofauti ya 21.1. Kadi ile ile ikiandikwa 88 inatoa 16.4. Handikapu yako ni wastani wa tofauti 8 bora kati ya 20 za mwisho, kwa hiyo kadi iliyopunguzwa ina nafasi kubwa ya kuingia kwenye zile 8 na kukaa humo mpaka kadi 20 nyingine ziisukume nje. Kwa muda wote huo utakwenda mashindanoni na handikapu ndogo kuliko uwezo wako. Wapo pia wanaofanya kinyume, wakiongeza mikwaju makusudi ili handikapu ivimbe na wachukue zawadi. Huo ni wizi, hauhitaji maelezo marefu.

Sasa angalia marekebisho ya hali ya siku, maana hapa ndipo uwanja mbovu unapoingia rasmi. Mwisho wa siku mfumo unalinganisha alama zilizopatikana uwanjani na zile ambazo wachezaji hao walitarajiwa kupata. Zikipatikana angalau kadi 8 za wachezaji wenye handikapu isiyozidi 36.0, mfumo unaweza kutoa kati ya −1 na +3. Siku ya matope na upepo ikipewa +2, ile 93 inahesabiwa kama tofauti ya 19.2, si 21.1. Umefidiwa bila kugusa mpira.

Lakini mfumo hauna macho. Hauoni tope wala vipara, unaona namba tu. Watu 20 wakipunguza kila mmoja mitano kwa kuwa "leo uwanja haufai", namba zitafanana na za siku ya kawaida na marekebisho yatakuwa 0. Mwenzao aliyeandika 93 yake kamili ataonekana kacheza vibaya siku nzuri. Mwaminifu ndiye analipia huruma waliyojipa wengine.

Namba kubwa ina kikomo, na kikomo ni halali

Wengi hupunguza alama kwa kuogopa shimo moja lililowaharibikia. Hakuna haja. Kwa ajili ya handikapu, alama ya juu kabisa kwenye shimo ni dabo bogi halisi: paa ya shimo (mikwaju anayotarajiwa kutumia mchezaji hodari), ongeza 2, ongeza mikwaju unayopewa pale na handikapu yako. Mwenye handikapu ya uwanja 20 anapata mmoja kila shimo na wa pili kwenye mashimo mawili magumu zaidi. Kwa hiyo paa 4 ya kawaida kwake inaishia 7, na kwenye mashimo hayo mawili inaishia 8. Ukipiga 11, kadi ya mashindano inabaki 11, handikapu inaona 7.

Na ukiokota mpira kabla ya kumaliza shimo, mahali panaporuhusu hivyo, unaandika alama unayoelekea kuipata, si unayoitamani. Mpira ukiwa ndani ya mita 1.5 kutoka shimoni, ongeza 1. Ukiwa mbali zaidi ya hapo hadi yadi 20, ongeza 2 au 3. Zaidi ya yadi 20, ongeza 3 au 4. Ikipita kikomo cha dabo bogi halisi, tumia kikomo.

Kupeana msukumo wa mwisho, ile "okota, umeingia", ni halali kwenye pambano la mtu na mtu la kushindania mashimo. Kwenye hesabu ya mikwaju huwezi kupewa. Lazima mpira uingie.

Uwanja mbovu: kipi kina nafuu, kipi hakina

Msingi wa kanuni ni kuucheza uwanja ulivyoukuta na mpira ulivyolala. Juu ya msingi huo zipo nafuu za bure, na mchezaji asiyezijua anajidhulumu mara nyingi kama yule anayedanganya anavyowadhulumu wengine.

Maji ya muda yana nafuu, mradi yaonekane juu ya ardhi kabla au baada ya kusimama kwa kawaida. Yale yanayotoka kwa kukanyaga kwa nguvu hayahesabiki, na tope peke yake si maji. Ardhi inayotengenezwa, iliyozungushiwa mstari au vigingi, ina nafuu. Rundo la majani yaliyokatwa na kukusanywa ili yaondolewe linahesabiwa kama ardhi inayotengenezwa hata bila alama, lakini majani yaliyoachwa hapo yaoze si hivyo. Shimo la mnyama, pamoja na udongo alioutoa, lina nafuu pia. Utaratibu ni ule ule: tafuta sehemu ya karibu zaidi ambapo mpira, msimamo wako na mzunguko wa fimbo vinaepuka kikwazo chote, isiyo karibu na shimo zaidi ya mpira ulivyokuwa, kisha dondosha mpira kutoka usawa wa goti ndani ya urefu wa fimbo moja kutoka hapo. Sehemu ya karibu haimaanishi sehemu nzuri. Ikiangukia kichakani, ndiyo hiyo hiyo, au uuache mpira ulipo.

Vitu vinavyouma zaidi havina nafuu: kipara kisicho na nyasi, kovu la fimbo katikati ya feawei (njia ya nyasi fupi kati ya tii na shimo), ardhi iliyopasuka kwa ukame, nyayo ambazo hazikusawazishwa bankani (kwenye bonde la mchanga). Kwenye grini (eneo la nyasi fupi sana lenye shimo) unaruhusiwa kutengeneza kishimo cha mpira, mikwaruzo ya viatu, hata nyayo za wanyama. Huruhusiwi kuvibonyeza vitundu vilivyotobolewa na wahudumu ili udongo upumue, wala kusawazisha nyasi zilizokufa. Bankani unaweza kuondoa mawe na majani makavu, hilo limeruhusiwa tangu 2019, lakini ukigusa mchanga nyuma ya mpira kwa fimbo ni mikwaju 2.

Uwanja ukizidi kuwa mbovu, kamati inaweza kutangaza ruhusa ya kusogeza mpira. Hii ni kanuni ya muda yenye mipaka: inahusu mpira uliolala sehemu iliyokatwa kwa kimo cha feawei au chini yake, umbali umetajwa (inchi 6, urefu wa kadi au urefu wa fimbo), si kulikaribia shimo, na unauweka mara moja tu. Ukishauweka uko mchezoni. Ukibingirika ukaingia kwenye kovu, huurudii. Kadi ya siku hiyo bado inafaa kwa handikapu.

Kinachoharibika kwa marafiki wanaocheza bila kamati ni kwamba kila mmoja ana ruhusa yake kichwani. Mmoja anasogeza inchi 6, mwingine anaokota, anafuta na kuupandisha juu ya kichaka cha nyasi mita moja pembeni, tena kwenye majani marefu. Dawa ni dakika moja kwenye tii ya kwanza: tunasogeza au hatusogezi, umbali gani, wapi. Iandikeni juu ya kadi.

Kupiga kutoka mahali pabovu

Kwenye udongo mgumu, kosa la kawaida ni kujaribu kuunyanyua mpira. Fimbo yenye kitako (sehemu ya chini ya kichwa chake) kinene inagonga ardhi, inaruka, na makali yanaupiga mpira tumboni. Unavuka grini ukiwa kimo cha goti. Chukua fimbo yenye kitako chembamba, weka mpira katikati ya miguu au nyuma kidogo, uzito uegemee mguu wa mbele, mikono itangulie. Ukiwa karibu na grini na hakuna kizuizi, tumia fimbo ya kusukumia. Haipendezi machoni, ila makosa yake ni madogo. Banka lenye mchanga mgumu au uliolowa lina tabia hiyo hiyo: usifungue uso wa fimbo sana, ingia karibu zaidi na mpira.

Mpira wenye tope huwa unapinda kuelekea upande ulio kinyume na tope, na kwa mpigo mrefu upotovu ni mkubwa. Lenga kwa hesabu hiyo, piga kwa utulivu. Usiufute isipokuwa uko kwenye grini au umeuokota kwa nafuu inayokuruhusu.

Grini yenye vitundu au nyasi ndefu ni nzito, na mpira unadundadunda. Usiusome mteremko kama kawaida: punguza mpindo, sukuma kwa nguvu zaidi, lenga ndani ya mdomo wa shimo. Na usihesabu misukumo ya siku hiyo kuwa kipimo cha mkono wako.

Shimo moja, mkwaju kwa mkwaju

Njia salama ya kuhesabu ni kurejea shimo zima kwa sauti kabla ya kuandika, mbele ya anayekutunzia kadi. Ukisaini kadi yenye alama ndogo kuliko uliyopata kwenye shimo, unaondolewa mashindanoni. Ukisaini kubwa zaidi, inabaki hiyo kubwa.

Paa 4, mvua imenyesha usiku kucha, hakuna ruhusa ya kusogeza. Wa kwanza kutoka tii, mpira umejichimbia kwenye shimo lake wenyewe katikati ya feawei, sehemu yake iko chini ya usawa wa ardhi. Nafuu ya bure: unauokota, unaufuta, unaudondosha ndani ya urefu wa fimbo moja nyuma ya kishimo. Wa pili unatua bankani katikati ya dimbwi. Ndani ya banka nafuu ni bure, lakini pakavu palipobaki ni chini ya ukingo mrefu, mchanga umeshikamana kama saruji. Njia nyingine ni kutoka nje ya banka, nyuma, ukifuata mstari unaoanzia shimoni kupitia pale mpira ulipokuwa, kwa adhabu ya mkwaju mmoja. Mchezaji anachagua kutoka: adhabu ni wa tatu. Wa nne unafika grini, mita sita kutoka shimoni. Wa tano unasimama shingoni mwa shimo. Mwenzake anasema okota. Anausukuma, wa sita, unaingia.

Kadi inaandikwa 6.