Uraibu na Mfuko: Maswali Kuhusu Madeni, Mshahara na Kujijenga Upya

Nitajuaje uraibu unanila kiasi gani hasa?

Andika kwa siku 7 mfululizo, palepale unapotoa fedha. Usingoje jioni, kwani jioni kumbukumbu hukitetea kilevi. Tumia safu tatu: bei ya kitu chenyewe, vinavyoandamana nacho, kama nauli na kuwanunulia marafiki, kisha safu ambayo wengi huiruka, yaani siku za kazi zilizopotea, riba, faini, matibabu na simu iliyouzwa kwa bei ya kutupa.

Geuza jumla iwe siku za kazi. Mtu ana kibarua cha siku 26 kwa mwezi. Siku 2 hafiki kazini kwa sababu ya pombe ya jana. Katika 24 zilizobaki, robo ya kila ujira inaishia kwenye kilevi: hizo ni siku 6. Amepoteza siku 8 kati ya 26, karibu theluthi ya mwezi, na riba bado haijahesabiwa. Tunapendelea hesabu hii kwa sababu mtu huisamehe noti kirahisi, ila jasho la siku nzima halisamehe.

Niache ghafla ili nianze kuokoa fedha leo?

Sigara na kamari, ndiyo. Arosto ya nikotini, yaani mateso ya mwili unapokikosa kilevi cha sigara, hukaza zaidi siku 2 hadi 3 za mwanzo, kisha hulegea ndani ya wiki 2 hadi 4.

Pombe ni habari nyingine. Aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu akikata ghafla anaweza kupata degedege, mara nyingi kati ya saa 6 na 48, au kuweweseka na kuchanganyikiwa siku ya 2 hadi ya 4. Hali hizo huua, kwa hiyo aanzie kwa mhudumu wa afya. Vivyo hivyo kwa aliyezoea vidonge vya usingizi au vya kutuliza wasiwasi. Kwa heroini, hatari kubwa iko kwenye kurudia: mwili husahau upesi kiwango ulichokizoea, na dozi ya zamani inaweza kuzima pumzi.

Nimeacha miezi miwili. Mbona fedha sizioni?

Kwa sababu zinakuja kwa vipande. Mvutaji wa sigara 20 kwa siku akiacha, ameepuka kununua sigara 7,300 kwa mwaka, lakini akiba hiyo humfikia vipande 365, na kila kipande hupata kazi nyingine kabla ya jua kuzama. Hamisha kiasi kilekile, saa ileile uliyokuwa ukinunua, kiende kwenye akaunti isiyotoa fedha kwa kubonyeza mara moja. Kibubu nacho kinafaa, mradi kisikae nyumbani kwako.

Chunguza pia kama uraibu haujahamia kwingine. Kuacha pombe na kuingia kwenye kubeti ni kubadilisha duka tu.

Madeni nianze na lipi?

Kwanza linda paa, chakula, dawa na vifaa vya kazi. Kisha shambulia deni lenye riba kubwa. Mkopo wa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, ukilipa riba pekee kwa miezi 10, umeshatoa fedha sawa na mkopo mzima na bado unadaiwa wote.

Mwendee mdai kabla ya tarehe ya kulipa, ukiwa na kiasi kidogo ambacho una hakika hutashindwa kukilipa. Omba riba isimame, na makubaliano yaandikwe. Ndugu asiyetoza riba naye apewe tarehe. Kumkwepa humuumiza kuliko kumlipa kidogokidogo.

Kosa tunaloliona sana ni la mwezi wa kwanza: mtu analipa kila kitu kwa aibu, anabaki mikono mitupu wiki ya pili, anakopa tena.

Siku ya mshahara nifanyeje?

Ipange kabla haijafika, maana fedha mkononi zenyewe huamsha hamu. Kodi ya nyumba na marejesho ya mikopo yakatwe siku hiyohiyo. Toa taslimu za siku 2 au 3 tu. Futa namba za wauzaji na programu za mikopo ya haraka; kampuni ya kubeti iombe ikufungie akaunti.

Ndugu akikushikia fedha, andikeni: anashika kiasi gani, anatoa lini, na ukiomba ghafla mnangoja saa 24. Namba ya siri ya benki usimpe. Kumkabidhi mtu kila kitu huzaa ugomvi, na ugomvi ni kisingizio kizuri cha kurudia.

Nikiteleza?

Iandike siku hiyo kwenye safu zilezile tatu, mpigie mhudumu wako wa afya kabla ya kesho, na usijaribu kurudisha kilichopotea kwa kubeti. Mpango wa madeni hauanzi upya: rejesho lijalo lina tarehe ileile.