Jengo la kijani si lazima liwe la vioo

Wengi huamini kwamba ujenzi unaojali mazingira barani Afrika ni anasa iliyoagizwa kutoka ng'ambo, yaani mnara wa vioo wenye paneli za sola juu ya paa. Ukweli ni kwamba kioo kisichokingwa na jua, katika nchi za joto, hugeuza ofisi kuwa tanuri, na kiyoyozi ndicho kinacholipa gharama hiyo (au tuseme, mlipaji wa bili ya umeme).

Tazama shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001. Msanifu wake, Francis Kéré, alitumia matofali ya udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na saruji kidogo, kisha akainua paa la bati juu ya dari yenye matundu, ili hewa ya moto ipande na kutoka huku upepo ukipita madirishani. Wanakijiji wenyewe ndio waliojenga. Mwaka 2022 Kéré alipata Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya kimataifa ya usanifu majengo, Mwafrika wa kwanza kuipata.

Hata mjini inawezekana: jengo la Eastgate, Harare, lililofunguliwa mwaka 1996, hupozwa hasa kwa hewa baridi ya usiku inayopitishwa kwenye zege lake zito.