Si kila chuma chekundu hugeuka patasi
Kwa miaka mingi mafundi wengi wameamini kwamba chuma chochote, kikipashwa moto hadi kiwe chekundu kisha kikachovywa majini, hupata ugumu wa kufaa patasi ya kukereza mbao. Sivyo. Ugumu hutegemea kaboni iliyomo: nondo za ujenzi kwa kawaida huwa na asilimia 0.2 hadi 0.3 tu, hivyo makali yake huwa butu mapema hata zikichovywa mara ngapi, ilhali tupa kuukuu nzuri huwa na takribani asilimia 1.

Wekundu wenyewe hudanganya, hasa juani, hivyo heri kupima kwa sumaku. Chuma cha tupa huacha kuvutwa na sumaku kwenye nyuzi 730 hadi 770 hivi za Selsiasi, na huchovywa kikipita hapo kidogo. Mafuta ya vuguvugu ni salama kuliko maji, ambayo huweza kukipasua. Kinachosahauliwa zaidi, na kwa maoni yangu kukisahau ndiyo hatari, ni kukipasha tena kwa nyuzi 200 hadi 230 kwa saa moja au mbili, mpaka uso uliosuguliwa uwe na rangi ya majani makavu, kwani bila hivyo patasi huweza kukatika kama kioo mashine ya kukereza ikizunguka.