Kutafuta malazi Varanasi: wanayoyaamini wageni na hali ilivyo

Varanasi, ambao wenyeji huuita Banaras na mahujaji huuita Kashi, uko ukingo wa magharibi wa mto Ganges, jimbo la Uttar Pradesh nchini India. Mtoni kuna ghat zaidi ya 80, yaani ngazi za mawe zinazoshuka hadi majini. Nyuma ya ghat kuna vichochoro, na barabara za magari huanzia nyuma ya vichochoro hivyo. Mpangilio huu ndio unaoamua utalala vipi, kuliko bei au idadi ya nyota.

Dhana: Gari litanifikisha mlangoni.

Ukipanga karibu na ghat ya Dashashwamedh au hekalu la Kashi Vishwanath, bajaji itakushusha kwenye makutano ya Godowlia au jirani yake, halafu ni miguu. Kuna vichochoro ambavyo watu wawili wenye mizigo hawapishani, na humo humo zinapita pikipiki, ng'ombe, na watu waliobeba maiti kwenye machela ya mianzi kuelekea Manikarnika, ghat ya kuchomea maiti. Ukisikia sauti zao, egemea ukutani uwapishe. Sanduku la magurudumu ni mzigo tu hapa: mawe hayako sawa, kuna maji na samadi, na gesti nyingi hazina lifti, ngazi zao ni nyembamba na zimesimama. Bora begi la mgongoni. Ramani ya simu nayo huyumba kwa sababu kuta ni ndefu na vichochoro vimebanana.

Piga simu gesti siku moja kabla, uulize mambo mawili: ghat ipi iko karibu nao, na kama watatuma mtu wa kukupokea pale bajaji inapoishia. Wengi hukubali. Hakikisha pia tiketi yako ya treni inaishia stesheni gani, maana Pandit Deen Dayal Upadhyaya, ambayo wengi bado huiita Mughalsarai, iko ng'ambo ya mto, mbali na mjini.

Dhana: Dereva akisema gesti imefungwa, atakuwa anajua.

Huo ni udalali. Gesti humlipa kamisheni kwa kila mgeni, na kamisheni hiyo inarudi kwenye bei ya chumba chako. Utaambiwa gesti yako imefungwa, imeungua, au imejaa maji. Hila mbaya zaidi ni kukupeleka kwenye gesti yenye jina linalokaribiana sana na lile ulilotaja. Kwa hiyo usimtajie gesti. Mtajie Godowlia au ghat ya Assi, shuka, kisha piga simu. Ukifika mapokezi, waombe wakusomee jina lako na tarehe kutoka kwenye kumbukumbu zao kabla hujawakabidhi pasipoti.

Dhana: Penye chumba kitupu, mgeni hupokelewa.

Sheria ya India inamtaka mwenye nyumba anayempokea raia wa kigeni kupeleka taarifa zake kwa mamlaka ya uhamiaji ndani ya saa 24, kwa fomu iliyozoeleka kwa jina la Fomu C. Nyumba ambazo hazijajisajili kwa kazi hiyo hukataa raia wa kigeni, hata kama vyumba viko wazi. Basi kabla ya kulipa chochote uliza: "Mnajaza Fomu C?" Beba nakala kadhaa za ukurasa wa picha wa pasipoti na za viza.

Dharamshala ni habari nyingine. Hizi zimejengwa kwa sadaka kwa ajili ya mahujaji, na nyingi zimewekewa watu wa jimbo, lugha au jamii fulani. Malipo ni madogo, unaoga kwa ndoo na kopo, na geti hufungwa usiku. Baadhi hazimpi chumba mtu aliye peke yake. Familia za Kigujarati za Dar es Salaam au Mombasa zinaweza kupata nafasi kupitia jumuiya zao, ila wenye pasipoti ya Tanzania au Kenya bado wanahusika na Fomu C. Zipo pia nyumba za wanaokuja kufia Kashi, kwa imani kwamba anayefia hapo hukombolewa katika mzunguko wa kuzaliwa upya. Hizo ni za wagonjwa mahututi na jamaa zao. Msafiri asiende kuomba kitanda hapo.

Dhana: Chumba kinachotazama mto ndicho bora.

Inategemea mwezi na ghat. Mji unatazama mashariki, kwa hiyo macheo kutoka roshani ni mazuri kweli. Lakini kati ya Julai na Septemba mto hufurika, ngazi huzama, njia ya kutoka ghat moja hadi nyingine hukatika na boti husimamishwa. Uliza kama gesti ina mlango wa upande wa kichochoro. Karibu na Manikarnika moto wa kuchomea maiti hauzimwi usiku wala mchana, na moshi huingia madirishani. Kupiga picha za mazishi ukiwa roshani ni kuwakosea heshima wafiwa. Wavu unaouona kwenye roshani ni kwa ajili ya tumbili. Nguo ukizianika nje ya wavu hutaziona tena.

Ukiwa na watoto au wazee, tunapendekeza Assi, upande wa kusini. Magari hufika karibu, na kwa miguu hadi Dashashwamedh ni kama kilomita 3.

Dhana: Chumba kikiandikwa kina kipoza hewa, joto si tatizo.

Kuna kiyoyozi, na kuna kipoza hewa cha maji, ambacho ni feni inayovuta hewa kupitia nyuzi zilizoloweshwa. Hicho cha pili husaidia Mei, joto likipita nyuzi 40 na hewa ikiwa kavu. Julai hewa imejaa unyevu, maji hayakauki, nacho hukuongezea jasho tu. Umeme ukikatika, mara nyingi betri ya nyumba hubeba taa na feni peke yake. Desemba na Januari shida hugeuka: usiku hushuka chini ya nyuzi 10, vyumba vingi havina hita, na ukungu huchelewesha treni kwa saa nyingi. Omba blanketi la pili mapema.

Dhana: Mwislamu atakosa chakula.

Gesti za karibu na ghat nyingi hazipiki nyama, na hazitaki uiingize. Lakini Varanasi una Waislamu wengi, wakiwemo wafumaji wa hariri wa Madanpura, mtaa ulio kusini mwa Godowlia, mwendo mfupi kwa miguu. Huko nyama halali inapatikana.

Dhana: Siku ya chumba huanza nikifika.

Gesti nyingine huhesabu saa 24 tangu uingie, nyingine zina saa maalumu ya kutoka, saa 4 asubuhi au saa 6 mchana. Ukishuka treni saa 11 alfajiri ukaingia moja kwa moja, unaweza kudaiwa usiku mzima kwa saa chache hizo. Uliza kwa simu, na uombe uweke mizigo mapokezi bure hadi chumba kiwe tayari.